Salamu Zilizoruka Jina Langu

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, hujachelewa kunidharau. Nafasi bado ipo.

Wale wa tangu mwanzo mnajua nilivyofukuzwa katika kamati ya maji ya Nunguni kwa sababu ya mdomo wangu. Mnajua ndugu zangu wawili walivyoanza kuzunguka kwa nyuma ili wasipite mbele ya boma langu. Nikabaki na vitu viwili: mke wangu Kalekye, na redio.

Redio msiidharau. Wengine hucheza drafti, wengine hufuga njiwa. Sisi wapenzi wa salamu wa Kitui na Makueni hutajana. Saa saba mchana, siku za kazi, kipindi kikianza, mwenye kuchunga anachunga kwa masikio na mwenye duka anapima sukari vibaya. Kila mmoja ana jina lake la hewani. Mimi ni Mwiba Mchungu. Kalekye, kwa kuwa kwetu ukungu hauondoki hadi saa nne, ni Baridi ya Nunguni.

Na salamu zina adabu yake. Ukitaka kumsalimia mke wa mtu, unaanza na mwenye boma, ndipo unashuka. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Sasa Rashid, fundi wa nguo mjini Kitui, ambaye hewani tunamwita Sindano, Alhamisi tatu mfululizo alimsalimia Baridi ya Nunguni, popote alipo, na kumwambia ajipe moyo. Jina langu aliliruka kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

Wiki iliyopita niliwaambia nilichofanya. Ilikuwa Jumamosi, sokoni Tulia, mkutano wa chama chetu cha salamu, nyuma ya duka la misumari la mwenyekiti wetu Mutunga. Nilisimama nikasema saa nzima. Nilisema chama kina mtu anayetumia salamu kuingia katika nyumba za wenzake. Mke wangu sikumtaja, lakini kila mtu alijua ninasema nyumba gani. Mikono kumi na moja ikainuka afutwe. Sita ikabaki chini.

Rashid mwenyewe hakuwepo. Alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Nilimhukumu mtu akiwa hayupo, mimi ambaye kwa miaka ishirini nimewapigia machifu kelele kwa kosa hilohilo.

Barua niliiandika kwa mkono wangu. Jina lake lisitajwe hewani. Asisalimiwe na mwanachama yeyote. Asikae mahali ambapo wanachama wamekaa. Kisha nikaupiga muhuri wa chama juu yake kama mtu anayeua nzi.

Kalekye hakuja Tulia siku hiyo. Alisema amechoka.

Na Jumatatu asubuhi nikamkuta mlangoni, leso shingoni, begi mkononi. Hapo ndipo nilipowaacha.

*

Nilimuuliza anaenda wapi. Akasema Kitui.

Kitui kuna soko, kuna hospitali, kuna afisi ambazo nimezipelekea malalamiko hadi mabawabu wananijua kwa jina. Lakini mtu mwenye wivu, mji wote kwake una nyumba moja tu.

Nikasema, "Basi twende wote." Nililisema kwa meno. Nilitaka niwakute wawili, niwe na ushahidi.

Kalekye aliliweka begi chini. 

"Nilikuwa nikiomba Mungu useme hivyo," akasema.

Kisha akafungua leso.

Chini ya koo lake kulikuwa na uvimbe, mkubwa kama parachichi changa. Miezi minne alikuwa ameufunika kwa leso na mimi nikadhani ni baridi. Mimi huyu ninayekumbuka nani alikalia kiti kipi katika baraza la mwaka 2009, nililala kando ya shingo hiyo miezi minne.

Alinieleza huku akifunga mlango kwa kufuli, polepole, kama anayesema kabeji zimeliwa na viwavi. Kwamba analazwa leo na kupasuliwa Jumanne. Kwamba mshipa wa sauti hupita karibu sana na uvimbe. Kwamba daktari atajaribu kuukwepa, lakini hakumwahidi.

Nikamuuliza ni nani amekuwa akimpeleka kliniki muda huo wote.

"Nitakuambia yakiisha," akasema. "Leo nibebee begi tu."

Nikabeba.

*

Jumanne, saa tatu asubuhi, walimlaza juu ya kitanda cha magurudumu wakaanza kumsukuma. Nilitembea kando yake mpaka pale ambapo mtu wa nje haruhusiwi kupita. Akanishika mkono wa shati.

"Muindi," akasema, "leo usigombane na mtu. Leo tu."

Milango ikafunga.

Nataka mlifikirie hilo kama nilivyolifikiria mimi. Mwanamke anaingia mahali ambapo huenda akatoka hana sauti. Ana maneno machache ya mwisho. Hakuniambia nimwombee. Hakuniambia niwatazame kuku. Aliyatumia kuniomba nisigombane.

Nilikaa kwenye benchi. Shati langu lilikuwa la jana na juzi, na kifuani lilikuwa na doa la chai niliyojimwagia nikikimbilia dirisha la usajili. Nilimpigia ndugu yangu mkubwa simu. Ikaita mpaka ikachoka. Nikampigia mdogo. Yeye aliikata, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza tangu mwaka juzi.

Basi nikaanza kazi yangu ya siku zote, ya kukumbuka. Nilikumbuka akina nani wanachota maji Nunguni leo kwa sababu mimi nililala rumande siku mbili. Nikawataja mmoja mmoja kichwani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye benchi lile. Nilipofika kwa mtu wa kumi na nne nilikuwa nimeanza kuwataja kwa sauti.

Sista akatoka na fomu mkononi, akaita jamaa wa Kalekye. Nikasimama.

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mume.

"Jamaa aliyeandikwa hapa ni mwanamke," akasema. "Na yuko ndani tangu asubuhi."

Mwanamke gani? Mke wangu dada zake wote wameolewa Mombasa. Nilifungua mdomo, na nyinyi mnaujua mdomo huu. Nilikuwa na hotuba tayari, na vifungu vya sheria, na sauti ya kuamsha wodi nzima.

Nikakumbuka mkono kwenye shati. Nikakaa.

Sista alishangaa kuliko mimi.

*

Saa nne na nusu alifika Katunge.

Katunge ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Ikutha, mwanamke wa makamo, na hewani anaitwa Bibi Mbuzi. Nilikuwa nimekutana naye mikutanoni tu, mara nne au tano. Tangu Ikutha mpaka pale si karibu, na Jumanne ni siku yake ya kununua. Nilimuuliza amejuaje. Akasema ameambiwa. Hakuniuliza mgonjwa anaendeleaje, wala mimi ninaendeleaje. Alikaa, akafungua thamosi, akamimina uji wa mtama ndani ya kifuniko, akanipa.

Nilianza kumweleza habari za ndugu zangu na watu wa Nunguni.

"Kunywa kwanza," akasema. "Utawatukana ukiwa umeshiba."

Nikanywa. Ulikuwa na ukwaju kidogo. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu jana yake, na sikuwa nimejua hivyo mpaka uji ulipogusa tumbo.

Kisha akatoa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ndani yake kulikuwa na shati jeupe, limepigwa pasi. Akaniambia nimetumiwa, nikavae.

"Na nani, mwaitu?" nikauliza, kwa kuwa kwetu mama yeyote wa heshima ni mwaitu.

"Vaa, Muindi. Unanuka kama beberu wangu, na yeye ana sababu."

Nilivaa chooni. Sasa, bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, kwa ajili ya mitungi niliyobeba utotoni, na kila shati la dukani hunikaa kama limetundikwa kwenye msumari. Hili lilinikaa sawasawa. Nilijitazama kwenye kipande cha kioo, nikamwona mtu mwenye mke na heshima zake. Nilirudi kwenye benchi nikitembea vizuri kuliko nilivyokwenda. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Mtu aliyezoea kunyimwa hukagua kila kitu isipokuwa alichopewa.

Mutunga alikuja saa sita, amefunga duka, amevaa koti la mikutano. Alikuwa na redio ndogo ya betri na mkungu wa ndizi. Ndizi zilikuwa zimebaki langoni kwa sababu mlinzi alisema mgonjwa wa koo hali ndizi. Mutunga akasema alimweleza ndizi ni za mume, na mlinzi akamuuliza kama mume naye amelazwa. Akasema, "Nikamwambia, huyo angelazwa zamani, ni vile hakuna daktari wa ulimi."

Katunge alicheka mpaka akashika benchi. Na mimi nikacheka. Nilijisikia nikicheka kama mtu anayesikia mlango wa jirani ukifunguliwa.

Saa saba redio ikawashwa, sauti chini. Msichana aliyekuwa amekaa kando na mtoto akasogea. Mzee aliyekuwa na mguu wa plasta akasogea.

Mtangazaji alianza na Kisau, akashuka Mwingi, akarudi mjini Wote. Halafu akasema leo kuna jambo, kila karatasi iliyo mbele yake ina jina moja. Salamu zimfikie Mwiba Mchungu, zishuke kwa Baridi ya Nunguni, kutoka kwa fulani. Zimfikie Baridi ya Nunguni, kutoka kwa fulani, akiwa na mbuzi wake. Kutoka kwa mwalimu wa Mbooni. Kutoka kwa mama wa mitumba wa Kibwezi, anasema baridi ikiisha Nunguni dunia itaungua, kwa hiyo arudi haraka. Mutunga mwenyewe alikuwa ametuma. Aliisalimia familia, akamsalimia daktari, akamsalimia sista, akamsalimia mlinzi wa lango pamoja na ndizi alizozikamata.

Nilihesabu kumi na tano. Hakuna aliyekuwa na deni kwangu. Sikuwa nimempigania hata mmoja wao. Watu ambao nyumba zao sizijui, wengine hata sura siwajui, walikuwa wameacha kazi zao wakaandika jina la mke wangu. Yule msichana mwenye mtoto aliniuliza huyo Baridi ni nani, nikamwambia ni wangu.

Na salamu zote zilianza na Mwiba Mchungu, mwenye boma, ndipo zikashuka. Adabu ilikuwa imefuatwa.

Ningenyamaza hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Lakini nilikuwa nimeshiba, nimevaa safi, nimetajwa mara kumi na tano. Nikajisikia mkubwa. Nikapangusa macho, nikawageukia wawili wale.

"Mnaona?" nikasema. "Mnaona vile chama kimekuwa safi tangu Jumamosi?"

Mutunga aliizima redio. Katunge akaanza kufunga kifuniko cha thamosi. Kilikuwa kimefungwa tayari, lakini aliendelea kukizungusha.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa.

*

Aliyetoka alikuwa amevaa buibui, na miguuni alikuwa na malapa ya hospitali. Mkononi alishika leso ya Kalekye, ameikunja vizuri. Nilimtambua kabla hajainua uso. Ni Mishi, mke wa Rashid.

Akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Shemeji," akasema, "ametoka salama. Sauti ipo. Ni ndogo, lakini ipo."

Ningelipiga magoti, ningelishukuru Mungu, ningelimshika mikono. Nililolisema ni, "Wewe unafanya nini hapa?"

Mishi hakukasirika. Alikaa mahali Katunge alipompisha, akanieleza yote kwa sauti ile ambayo mtu huongea nayo karibu na wodi. Kwamba Kalekye alifika kwao mwezi wa pili, akiwa analia, amefunika shingo. Kwamba kila Alhamisi ya kliniki, mimi nikidhani yuko sokoni, alikula kwao na kupumzika kwao. Kwamba Rashid alikuwa akifungua cherehani akiwa amechelewa, kwa sababu alitangulia hospitalini kumshikia mgonjwa nafasi kwenye foleni. Mishi akishampokea nafasi, yeye hurudi kazini, na saa saba humtumia salamu, ili Kalekye azisikie kwenye simu akiwa bado amekaa pale anangoja kuitwa.

Nikauliza kwa nini mke wangu hakuniambia.

Mishi alimtazama Katunge, Katunge akatazama sakafu.

"Alisema akikuambia utakuja hapa na bango," Mishi akasema. "Alisema mama yako aliomba arudishwe nyumbani kabla hajatibiwa, kwa sababu ya kelele zako. Na kwamba hakukubali kupelekwa tena hospitali mpaka alipowaacha."

Hiyo ni kweli. Wasomaji wangu, hilo sikuwahi kuwaandikia. Nimewaandikia kosa la kila mtu katika kata yetu, na hilo nikaliruka.

Lakini hata hapo, msinionee huruma bado, nilikuwa na risasi moja imebaki. Nikasema kama ni wema mtupu, kwa nini Rashid aliruka jina langu? Kwa nini amsalimie mke peke yake kama mke hana mume?

Mishi alinitazama kama ambaye hakuelewa swali.

"Shemeji," akasema, "si wewe ndiye ulimkataza?"

Nikamwambia sijawahi.

Akanikumbusha. Mwezi wa tatu, mwaka 2017. Nilikuwa nimezunguka na karatasi za sahihi za maji, nikafika mpaka cherehani ya Rashid. Rashid hakutia sahihi. Hilo ninalikumbuka, tena niliwasimulia hata nyinyi, katika sehemu ya nne, kwa uchungu mwingi. Alisema yeye ni mkazi wa Kitui na ombi ni la Makueni. Sahihi ya mtu wa nje ingewapa wakubwa sababu ya kulitupa lote. Niliwaambia alikuwa mwoga.

Lile ambalo sikuwaambia ni neno nililolisema nikitoka. Sikuwaambia kwa sababu sikulikumbuka. Mishi alilikumbuka, kwa kuwa alikuwa amekaa pale anashona vifungo.

"Ulisimama mlangoni," akasema, "ukasema: kuanzia leo, Rashid, jina langu lisikutoke mdomoni hewani. Na halijamtoka. Miaka yote hii. Hata ulipofiwa na mama, alimwomba mwenzake akutumie pole hewani, ili jina lako lisimtoke yeye."



Nikahesabu haraka, kama kawaida yangu. Kwa miaka yote hiyo yule mtu alikuwa akinitii. Alipomsalimia mke wangu peke yake alikuwa ananitii. Nami kwa utii huo nilimfuta.

"Mimi niliinua mkono Jumamosi," Katunge akasema, bila kuniangalia. "Sikuwa nimeamini. Ulikuwa umenikazia macho."

Mutunga alisema kidogo kidogo kwamba yeye pia alijua barua si ya haki. Ila ukianza kusema, Muindi, akasema, mtu huona heri akubali aende nyumbani. Mimi ninayewaandikia nimesema hayohayo juu ya wakubwa miaka ishirini.

Nilijishika kola. Ndipo mkono ukaligusa shati, na bega lililokaa sawasawa.

"Mwaitu," nikamuuliza Katunge, "hili shati..."

"Kwani bega lako mimi nilipima lini?" akasema Katunge.

*

Waliniruhusu kuingia dakika chache. Kalekye alikuwa amefungwa bandeji shingoni, uso umevimba kidogo, macho mazito. Nilimshika vidole. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Mishi alikuwa ameniambia mlangoni, kwa upole, kwamba yeye hajamwambia neno juu ya Tulia, na kwamba hatamwambia. "Hilo ni lako, shemeji."

Kalekye alivuta pumzi, na sauti ikatoka, nyembamba.

"Umegombana na nani?"

"Hakuna."

Akatabasamu. Akalitazama shati, akalitambua, akatabasamu tena. Alidhani tumeshaonana. Alidhani mambo yamekuwa mazuri.

"Rashid yuko wapi?" akauliza. "Mwite aingie. Nataka nimshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe, sasa vile sauti ipo."

Hapo ndipo mahali penyewe. Maneno matano yangetosha. Nimemfuta, Kalekye. Ni mimi niliyefanya. Nilimtazama yule mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa na saa moja tu tangu irudi duniani, nikasema nitamwita.

Nje nilimuuliza Mishi mume wake yuko wapi.

"Si yuko langoni," akasema. "Tangu saa moja asubuhi."

Nikauliza kwa nini asikae ndani kwenye benchi kama watu wengine. Mishi alisita kidogo, si kwa kunifichia, bali kwa kunionea haya.

"Wanachama wamekaa hapo," akasema.

*

Nilitembea kwenda langoni. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inaisha. Mlinzi alikuwa ameshika mnyororo na anawaharakisha waliobaki.

Rashid alikuwa ng'ambo ya lango, amekaa juu ya jiwe, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Ni mtu mwembamba, mwenye mvi za kwenye masikio. Kando yake kulikuwa na ule mkungu wa ndizi, amekabidhiwa autunze.

Aliponiona nakuja, alisimama. Nikadhani anakuja. Kumbe alikuwa anaondoka. Nilipopiga hatua tatu alirudi nyuma hatua tatu, ili asiwe mahali nilipo. Barua ilisema hivyo, na yeye ameisoma.

"Simama, Rashid," nikasema.

Akasimama.

Mlinzi akatuambia dakika zimebaki mbili, anayeingia aingie.

"Unaitwa ndani," nikasema.

Rashid hakusogea. Aliliangalia shati lake mwilini mwangu, kola mpaka chini, kama fundi anavyoangalia kazi. Kisha akanitazama usoni. Hakuwa na hasira. Ningeipata hasira ningejua la kufanya nayo.

"Bwana Muindi," akasema, "nataka nikuulize kitu kimoja, na nitafanya vile utasema. Ni wewe unaniita, ama ni Kalekye?"

Nimesema mbele ya mabaraza. Nimesema mbele ya polisi wakiwa wameshika rungu. Sijawahi kukosa neno, na siku hiyo pia sikulikosa. Lilikuwa pale, dogo, herufi nne, limenikaa kwenye ulimi. Nyuma yangu kwenye dirisha la wodi kulikuwa na watu wanatazama, na mmoja wao alikuwa Mutunga, na nikafikiri: nikilisema hapa, kufikia Alhamisi litakuwa limesikika kutoka Ikutha hadi Nunguni, kwamba Mwiba amevunjika.

"Ni Kalekye," nikasema.

Rashid akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa kipimo alichokitarajia.

"Mwambie salamu zimenifika," akasema.

Akakaa tena juu ya jiwe, na mlinzi akaanza kuvuta lango.